Chumba Kitupu Huanzia Ukutani

Nyumba za kale za mji wa Ibra nchini Oman, katika mitaa kama Al-Minzfah na Al-Qanatir, zilijengwa na watu wenye mali. Baadhi yao walikuwa na mashamba na maduka Unguja, na fedha za ng'ambo ndizo zilizoinua zile kuta za ghorofa na kulipia milango ya kuchonga. Lakini ndani ya chumba cha kulala cha tajiri wa aina hiyo usingekuta vingi sakafuni: mkeka, busati juu yake, mito ya kuegemea, na sanduku moja la mandusi pembeni. Godoro lilitandikwa usiku, asubuhi likakunjwa. Mtu aliyeweza kununua kila alichokitaka alilala katika chumba ambacho leo kingepigwa picha za majarida kama mfano wa mtindo wa vitu vichache.

Tusidhani kwamba alikuwa mtawa. Vitu alikuwa navyo, ila vilibebwa na ukuta. Ukuta wa matofali ya udongo huwa na unene wa nusu mita au zaidi, kwa kuwa udongo mwembamba haustahimili uzito wa ghorofa, na kwa kuwa unene huo huchelewesha joto la mchana kupenya ndani. Humo humo ukutani fundi aliacha vidaka, ambavyo Waomani huviita rozana. Hapo ndipo palipokaa msahafu, taa, chetezo, vikombe vya kahawa na vichupa vya mafuta mazuri. Aliyekulia Lamu hahitaji maelezo marefu, maana nyumba za mawe za kule zina ukuta mzima wa vidaka vya chokaa katika chumba cha ndani. Japani nako chumba cha kulala kinaonekana kitupu mchana kwa sababu godoro limeingizwa kabatini, na kabati lenyewe ni sehemu ya nyumba.

Wengi wanaojaribu mtindo huu leo hukosea hapo kwenye ukuta. Nyumba mpya katika miji ya Oman kama Nizwa au Sur ina ukuta wa matofali ya saruji, unene wake kama sentimita 20, usio na nafasi ya kuficha hata kitabu. Mwenye nyumba anaona picha, anapenda, anatoa kabati nje. Wiki haijaisha, nguo zimerundikana kwenye kiti, chaja na dawa zimetapakaa dirishani. Kisha anasema mtindo huu ni wa watu wasio na watoto.

Dawa ni kuurudisha unene. Chukua upande mmoja wa chumba, ule usio na dirisha, ujenge hapo kabati la ukuta kwa ukuta, kutoka sakafuni mpaka darini, lenye kina cha sentimita 60, kwa kuwa nguo iliyotundikwa kwenye henga haitaki pungufu ya hapo. Milango iwe bapa, yenye rangi ileile ya kuta, ili jicho lipite bila kukwama. Katika chumba cha mita nne kwa nne utapoteza mita za mraba 2.4. Zinauma, lakini kabati la kusimama lenye vioo na taji juu hula karibu kiasi hichohicho, kisha huacha pengo la vumbi juu yake, na huko ndiko masanduku ya safari yanakoishia. Nyuma ya kichwa cha kitanda jenga ukuta mwingine mdogo wa jipsamu, kina cha sentimita 15, utobolewe vidaka viwili. Meza za pembeni hazitahitajika tena.

Kitanda ndicho kinachofuata, na hapa nyumba ya zamani ina masharti yake. Katika nyumba nyingi za udongo zinazokarabatiwa siku hizi, zikiwemo zile za Harat al-Aqr iliyo jirani na ngome ya Nizwa, dirisha liko chini, karibu na sakafu, kwa sababu lilikatwa kwa ajili ya mtu aliyeketi au kulala mkekani. Ukiingiza kitanda kirefu, dirisha linaangalia uvunguni. Jukwaa la mbao la sentimita 15, na godoro zuri juu yake, linatosha. Upana wa chumba nao si wa kubishana nao: dari lilishikwa na magogo ya mtende au na boriti za mikoko, zile zilizopakiwa Lamu na Rufiji kwenye majahazi, ya Sur yakiwemo, na boriti ina kikomo chake. Vyumba vikatoka virefu na vyembamba. (Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, kwa hiyo ukizikuta kwenye dari lako, usimruhusu fundi azifunike.)

Dari lenyewe linastahili heshima kubwa kuliko tunayolipa. Katika husuni ya Jabrin karibu na Bahla, iliyojengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan katika karne ya 17, mbao za dari zimechorwa maua na mizunguko ya rangi. Kuna akili katika uamuzi huo, kwani mtu aliyelala chali anatazama juu. Sisi tunaweka pale tabaka tatu za jipsamu na taa za rangi, halafu tunajaza sakafu. Mimi ningeacha kuta tupu kabisa, nikatumia fedha yote ya mapambo kwenye dari la mbao, hata kama ni juu ya kitanda peke yake.

Rangi haina mjadala mrefu. Nyeupe kali inafaa kando ya bahari kule Sur. Nizwa na Ibra, ambako jua huumiza macho, chagua rangi ya udongo au mchanga. Balbu ziwe za mwanga wa manjano, Kelvini 2700, na si zile za 6500 zinazofanya chumba kifanane na duka la dawa. Kitambaa cha rangi kiwe kimoja tu: zulia la sufu lililofumwa Bidiya au Jabal Shams, lenye mistari myekundu na myeusi, linatosha kubeba chumba kizima. Pazia liwe la pamba, la kufulika, maana vumbi la Sharqiyah, mashariki mwa Oman, halibagui.

Kikwazo kikubwa kinabaki kuwa harusi. Bwana harusi ndiye anayetarajiwa kuandaa chumba, na "seti" kamili, yaani kitanda cha dhahabu, kabati la milango sita, meza ya kujipambia na makochi mawili, ndiyo inayotazamwa na wageni. Mama wa Ibra aliyezaliwa Unguja atauliza kwa Kiswahili chake: "Mwanangu, mtoto wa watu utamtia kwenye chumba kitupu?" Usimjibu kwa majarida. Mpeleke dukani akalibonyeze godoro, mwonyeshe bei yake, kisha mwombe mandusi yake ya njumu za shaba ikae chini ya dirisha. Akishakubali kuitoa, bibi harusi atapata chumba chenye kitu cha thamani cha kuwaonyesha mashoga zake, na ile bajeti ya makochi itamlipa seremala wa kabati.