Somo la Leo: Tope la Mto Rufiji

Ninyi wa Mkongo mnalijua tope la Rufiji. Mto ukifurika huacha tope mashambani, na mpunga hustawi. Tope jingine huchukuliwa na maji mpaka karibu na bahari, mahali panapoitwa delta. Huko ndiko mikoko huota.

Tope lile lina hewa kidogo mno. Basi mti uitwao mchu hutoa vijizizi vinavyosimama juu ya tope kama penseli, upate kuvuta hewa. Mizizi ya mkoko hupinda kama matao. Katikati ya mizizi hiyo kamba wachanga hujificha wasiliwe na samaki. Wakikua huenda baharini, na wavuvi huwapata.

Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa katika Mkataba wa Ramsar, unaohifadhi ardhi zenye majimaji duniani. Lakini mahali pengine mikoko imefyekwa ili kulima mpunga. Mpunga ni chakula, kweli. Walakini afyekaye mikoko hubomoa nyumba ya kamba.

Maswali:
1. Mchu huvutaje hewa?
2. Kamba wachanga hujificha wapi?
3. Mikoko ikiisha, nani atapata hasara?