Bendi Isiyo na Jina la Mtu

Gita la kwanza nililoligusa lilikuwa galoni la mafuta ya mawese lenye shingo ya ubao. Nyuzi zake, waya za breki ya baiskeli. Kaka yangu alilitengeneza kwetu Kalehe, kando ya ziwa. Jioni, taa za wavuvi wa sambaza zikianza kuwaka upande wa kisiwa cha Idjwi, alihangaika kulifanya liseme kama magita ya bendi ya Les Mangelepa tuliyoyasikia redioni. “Acha kusikiya mwimbaji,” aliniambia. “Sikiya mi-solo.”

Katika rumba yetu ya Kongo, gita la solo hutangulia na la besi hubeba mzigo. Gita la mi-solo hukaa katikati, ikirudia vifungu vichache bila kuchoka. Wimbo ukiingia sebene, sehemu ya magita na dansi, ndiyo inayokuinua kitini, ingawa sifa zote huchukuliwa na solo.

Mangelepa walizaliwa Nairobi mwaka 1976. Walikuwa wanamuziki wa Baba Gaston, aliyehama na bendi yake ya Baba National kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam, kisha Nairobi. Huko ndiko Bwamy Walumona, Evany Kabila Kabanze na wenzao walikomwacha mzee wakaanzisha kundi lao. Hawakulipa jina la yeyote miongoni mwao, na mimi naamini hiyo ndiyo nguvu yao. Bendi yenye jina la mtu huzikwa na mtu huyo.

Rolling Stones wa London, waliojikusanya mwaka 1962, nao hawakujiita kwa jina la mwenzao; walilichukua kwenye wimbo wa Muddy Waters, mkubwa wa blues ya Chicago. Vijana hao wa Kiingereza walijifunza kwa santuri za watu weusi wa Marekani. Vivyo hivyo, wazee wetu wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijifunza kwa santuri za Cuba, na ndani yake wakakuta midundo iliyovuka bahari na watumwa kutoka Kongo. Kilichotoka kwetu kilirudi kwetu. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu.

Mangelepa walitupa “Nyako Konya” na “Embakasi”, wimbo wenye jina la eneo la uwanja wa ndege wa Nairobi. Miaka zaidi ya 40 baada ya kuanza, mwaka 2017, wakatoa albamu ya “Last Band Standing”.

Ukiipata, usiisikilize kwa spika ya simu. Azima redio yenye besi ya kweli, kaa kimya, umtafute yule wa mi-solo.