Kompyuta 2,048 Katika Kazi Moja: Kasoro Yake Hutafutwaje?



Mwaka jana chumba chetu cha kompyuta kilitutia mashaka. Kompyuta 8 zilizonunuliwa kwa michango ya wazazi zilikuwa nzito mno, hata mwanafunzi akibonyeza faili aliweza kusoma nusu ukurasa wa kitabu chake kabla halijafunguka. Fundi tuliyemwita alizitazama kwa dakika chache, akasema zimezeeka na dawa yake ni kununua mpya. Tukaanza kuandika barua ya kuwaomba wazazi mchango mwingine. Kabla ya kuituma, wanafunzi wawili wa darasa la juu wakatuomba wiki moja wazitazame wao. Walichokipata tutakieleza mbele. Kwanza tusimulie kisa cha mashine kubwa zaidi, iliyougua maradhi yanayofanana na hayo.

Watu wengi wakisikia habari za kompyuta kuu za wanasayansi hudhani ni chombo kimoja kikubwa kama jumba. Sivyo. Nyingi kati ya hizo ni klasta, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi ili zigawane kazi moja. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA huko Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za bei ya kawaida wakaliita kundi hilo Beowulf, na njia hiyo ikaenea. Kila kompyuta ndani ya kundi huitwa nodi.

Klasta tunayotaka kuizungumzia iliitwa ASCI Q, na ilikuwa katika maabara ya Los Alamos, jimbo la New Mexico, Marekani. Ilikuwa na nodi 2,048, kila nodi na prosesa 4, jumla prosesa 8,192. Mwaka 2003 ilihesabiwa ya pili duniani kwa kasi, nyuma ya Earth Simulator ya Japani. Iliundwa kwa ajili ya hesabu za silaha za nyuklia, ambazo Marekani iliacha kuzijaribu kwa kuzilipua mwaka 1992. Kazi hiyo haitupendezi, lakini elimu ya kutafuta kasoro iliyopatikana hapo ina faida kwa kila mwenye kompyuta.

Watafiti watatu wa maabara hiyo, Fabrizio Petrini, Darren Kerbyson na Scott Pakin, walikuwa wamekokotoa mapema programu moja iitwayo SAGE ilipaswa kwenda kwa kasi gani katika mashine hiyo. Ilipoendeshwa juu ya nodi nyingi, ikachukua karibu mara mbili ya muda uliotarajiwa. Tuzingatie hapa: bila ya yale makadirio ya mwanzo, hakuna ambaye angejua kuwa kuna kasoro. Mashine ilikuwa ikifanya kazi, haikuzima wala haikutoa onyo, na majibu yake yalikuwa sahihi. Mtu asiye na kipimo angesema ndiyo kasi yake.

Wakapima nodi moja moja. Kila moja nzima. Kisha wakaona jambo la ajabu: nodi zikiwa nyingi, kutumia prosesa 3 katika kila nodi kulimaliza kazi upesi kuliko kutumia zote 4. Vipi wafanyakazi wachache wawashinde wengi? Shaka ikaelekea kwenye mtandao, hasa ile hatua ambapo prosesa zote hujumlisha matokeo yao na kungojana. Wakaitengeneza hatua hiyo hadi ikawa na kasi takriban mara 7 katika majaribio yake yenyewe. Wakairudisha SAGE. Karibu hakuna kilichobadilika! Dawa ilikuwa nzuri, ila haikuwa ya maradhi yale.

Hapo wakageukia vitu vidogo ambavyo kwa kawaida hakuna anayevijali. Katika kila nodi, mbali na hesabu kubwa, kulikuwa na programu ndogo za huduma zilizojiendesha zenyewe: za kupima hali ya mashine, za kupeleka taarifa kwa msimamizi, hata ya kushughulikia uchapishaji, katika nodi ambazo kazi yake ni hesabu tupu. Kila moja huamka kwa muda mfupi sana, hufanya lake, hulala. Walipopima, hasara ya kila prosesa kwa programu hizo haikuzidi asilimia 2.5. Sasa, asilimia 2.5 inawezaje kula nusu ya kasi?

Tupige mfano ambao kila mwanafunzi wetu anaujua. Watu 30 wamekaa kusoma khitma, kila mmoja juzuu moja, kurasa 20, na tuseme kila ukurasa ni dakika 2. Watamaliza kwa dakika 40. Kila mmoja akiitwa nje mara moja tu kwa dakika 1 kisha akarudi, kila mtu amepoteza dakika 1 katika 40, ambayo ndiyo hiyo asilimia 2.5, na khitma itaisha kwa dakika 41. Lakini tuweke sharti kwamba hakuna anayefungua ukurasa mpya mpaka wote 30 wamemaliza walionao. Ukurasa wa kwanza ameitwa huyu, wote wakamngoja dakika 1. Wa pili ameitwa yule, wote wakangoja tena. Kwa kuwa watu ni wengi kuliko kurasa, inaweza kutokea kila ukurasa ukawa na wa kungojewa, na khitma ikaisha kwa dakika 60. Hakuna msomaji mvivu hata mmoja, na kila mtu ukimuuliza atasema amepoteza dakika 1 tu, na ni mkweli. Ama wangeitwa wote 30 kwa wakati mmoja, hasara ingebaki ile dakika 1.

Hesabu za SAGE zina sharti kama hilo: nodi zote hungojana kila hatua. Kadiri nodi zinavyoongezeka ndivyo inavyokaribia kuwa hakika kwamba kila hatua kuna mmoja aliyeitwa nje. Pia tunaelewa sasa kwa nini prosesa 3 zilishinda 4: ile ya nne, ikiachwa huru, ilizihudumia zile programu ndogo bila ya kuwasimamisha wenzake.

Tiba haikuhitaji kununua hata waya. Waliziondoa programu za huduma kama 10 katika nodi zote, wakapunguza wingi wa ukaguzi wa msimamizi, na baadhi ya kazi wakazikusanya katika nodi moja ya kila kundi la nodi 32 badala ya kuzitawanya. SAGE ikaenda kwa kasi karibu mara mbili ya awali.

Ama kuhusu vifaa vyenyewe, mashine hiyohiyo ilikuwa na ugonjwa mwingine, na huu ulitoka mbinguni kwa maana halisi. Nodi zilikuwa zikianguka mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, leo hii, kesho ile, bila ya mpangilio. Los Alamos iko juu ya mlima, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Chembe zenye nguvu kutoka anga za mbali hugonga hewa na kuzaa nyutroni, na huko juu nyutroni ni nyingi mara kadhaa kuliko pwani, kwa sababu hewa ya kuzizuia ni nyembamba. Nyutroni moja ikiingia ndani ya kumbukumbu ya kompyuta huweza kugeuza 0 kuwa 1. Watafiti waliiweka mashine ya aina hiyo mbele ya mwali wa nyutroni uliotengenezwa maabara, ikaanguka kwa namna ileile. Tatizo lilikuwa hasa katika sehemu moja ya kumbukumbu ya haraka ya prosesa, ambayo iliweza kutambua kosa lakini si kulisahihisha. Ni sawa na mwalimu anayehesabu vichwa bila ya daftari la mahudhurio: anajua mmoja hayupo, hajui ni nani. Nodi ikiwa katika hali hiyo haina la kufanya ila kusimama. Ndiyo maana hesabu ndefu huhifadhiwa kila baada ya muda, ili ikianguka isianze tangu mwanzo.

Mwaka huohuo wa 2003 chuo kikuu cha Virginia Tech kiliunda klasta ya kompyuta 1,100 aina ya Power Mac G5, ikashika nafasi ya tatu duniani. Kumbukumbu zake hazikuwa na uwezo wa kusahihisha makosa, na mwaka 2004 zote zilibadilishwa kwa mashine zenye uwezo huo. Kasi waliipata kwanza. Kuaminika kulihitaji mashine nyingine.

Turudi chumbani kwetu. Wale wanafunzi wawili hawakufungua kompyuta hata moja. Walichukua saa na daftari, wakapima kila kompyuta inachukua sekunde ngapi kufungua faili lilelile. Kisha wakawa wanabadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja na kupima upya: kwanza kebo ya mtandao, kisha tundu la swichi. Hakuna tofauti. Siku ya nne wakachomoa mtandao kabisa, na faili likafunguka papo hapo. Wakazikagua programu zinazojiwasha pamoja na mashine, na wakakuta kompyuta zote 8 zilikuwa bado zikiitafuta mtandaoni printa ya ofisi, iliyokufa miaka miwili nyuma na ikatupwa. Kila mashine ilikuwa ikibisha hodi katika nyumba isiyo na mtu, na kusubiri ijibiwe.

Wakaifuta printa hiyo katika kompyuta zote. Barua kwa wazazi haikutumwa. Imebaki kompyuta nambari 5, ambayo huzima yenyewe mara moja au mbili kwa wiki. Katika likizo hii kumbukumbu yake itabadilishana mahali na ya nambari 6, na daftari litakuwa mezani ili kila mwenye kuiona ikizima aandike siku na saa, na kama ni ya 5 au ya 6.