Kwa Nini Nyuso za Nyuma Hufifia Katika Picha

Picha ya jamaa ni hazina ya nyumbani. Siku kijana ahitimupo mafunzo ya uaskari, au baba aagwapo kwenda kulinda mpaka, jamaa wote hujipanga safu tatu mbele ya kamera. Picha ikishasafishwa, mara nyingi waliochuchumaa mbele huonekana barabara, ilhali bibi aliyesimama nyuma uso wake umefifia kana kwamba yumo ndani ya ukungu. Na siku ile hairudi tena.

Kosa hilo kwa kawaida si la filamu wala la mashine, bali ni la kutojua kina cha picha.

KINA NI NINI?

Lenzi hulengwa umbali mmoja tu. Kilichopo katika umbali huo huonekana wazi kabisa, na vilivyo mbele na nyuma yake hufifia kidogo kidogo. Lakini jicho huvumilia ufifiaji mdogo. Kwa hiyo pana eneo ambalo lote huhesabiwa kuwa wazi. Eneo hilo ndilo kina cha picha.

Mambo matatu hulibadili. Tundu la lenzi likiwa dogo, kina huongezeka. Ikumbukwe kwamba namba za tundu huenda kinyume: 2 ni tundu kubwa, 16 ni dogo. Kukisogelea kitu hupunguza kina. Na lenzi ndefu, ya kuvuta vya mbali, hukipunguza pia.

MFANO

Ichukuliwe kamera ya filamu ya milimita 35, yenye lenzi ya milimita 50. Safu ya mbele iko mita 3, ya nyuma mita 4.5. Ikilengwa safu ya kati, yapata mita 3.6, kwa tundu namba 2, eneo la wazi huanzia mita 3.3 hadi 3.9 tu: safu mbili zimepotea. Kwa namba 8, eneo hilo huanzia mita 2.7 hadi 5.5, na hakuna anayeachwa.

Faida hiyo ina gharama yake. Namba 8 huingiza sehemu moja tu ya kumi na sita ya mwanga wa namba 2. Penye kasi ya 1/1000 ya sekunde sasa yahitajika 1/60. Basi watu watulie, na mkono usitikisike.

KUPIMA

Lenzi nyingi za zamani zina alama mbili mbili za namba za tundu, kulia na kushoto ya alama ya kulengea. Umbali uliosomeka kati ya alama mbili za 8 ndio eneo la wazi kwa tundu hilo.

Simu za mkononi zina lenzi fupi mno, hivyo kina chake ni kikubwa; ukungu unaoonekana nyuma ya mtu mara nyingi hutengenezwa na programu.

Basi, kabla ya kubonyeza, mpiga picha na atazame safu ya mwisho kwanza. Aliye nyuma naye ni wa ukoo.