Kila Mmoja na Fungu Lake: Viumbe wa Msitu wa Jozani

Wengi wetu tumeshapita barabara ya Jozani tukawaona kima punju. Je, umewahi kujiuliza vipi msitu ule unawatosha wanyama wengi? Hifadhi yote ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ni kilomita za mraba 50 tu hivi.

Jawabu ni kuwa kila kiumbe ana nafasi yake: mahali anapokaa, chakula anachokula na saa anayotoka kukitafuta. Wawili wakigombea nafasi moja kwa kila kitu, mmoja humtoa mwenzake. Wakitofautiana, hukaa pamoja.

Mara nyingine utawakuta kima punju na kima wa kawaida juu ya mti mmoja. Lakini kima wa kawaida hupenda matunda mabivu na wadudu, na punju hula majani machanga, maua na matunda mabichi. Tumbo la punju lina vyumba, mfano wa la ng'ombe, na ndani yake mna bakteria wanaochachusha majani. Punju wa mashambani, jirani na msitu, hula pia majani ya mwembe na mkungu, yenye lishe nyingi lakini yenye sumu ndani yake. Basi hufanya nini? Hula makaa! Niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni hadithi. Huyaokota penye tanuri au kwenye visiki vilivyoungua, nayo huinasa ile sumu tumboni.

Hao wakilala, komba huamka, akatafuta wadudu, matunda na utomvu wa miti.

Chini yupo paa nunga, mdogo na mwoga. Yeye huwafuata kima walio juu, akala majani, maua na matunda wanayoyaangusha.

Hapa ndipo penye khofu. Kima wa kawaida hula vitu vingi; msitu ukikatwa huingia mashambani akapata riziki. Paa nunga je? Kichaka kikikatwa kuni, amekosa chakula na maficho kwa pamoja, na mbwa wa wawindaji humpata upesi. Punju naye asili yake ni Unguja pekee duniani. Zamani wengi waligongwa na magari pale Jozani, mpaka yakawekwa matuta barabarani. Ndiyo hayo yanayoipunguza mwendo daladala yetu tukenda Makunduchi.