Septrin Kigoma, Bactrim Bujumbura: Hatari ya dawa moja yenye majina mawili

Mzazi anayevuka mpaka wa Kabanga na Kobero akiwa na mtoto hukumbuka hati za kusafiria, kadi ya chanjo na fedha za kubadilisha. Ni wachache wanaokumbuka jina halisi la dawa iliyowahi kumdhuru mtoto huyo.

Upande wa Tanzania, kotrimoksazoli hujulikana na wengi kama Septrin. Ukiingia Burundi, au ukivuka ziwa hadi Uvira, utaisikia ikiitwa Bactrim. Ni dawa ile ile. Mama aliyeambiwa asimpe mwanawe Septrin tena anaweza kuinunua upya kwenye duka la dawa la ng'ambo, bila kujua.

Kosa hilo linaweza kuua. Miongoni mwa madhara ya dawa za salfa, ingawa ni nadra, ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, wenye majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922 baada ya kuwaona wavulana wawili. Huanza kwa homa, koo kuuma na macho mekundu, na katika kanda yetu nani hatadhani ni malaria au surua? Siku chache baadaye mdomo hujaa vidonda, madoa meusi huenea mwilini, kisha malengelenge, na ngozi hubambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Ikibambuka zaidi ya asilimia 30 ya mwili, mgonjwa yuko kwenye daraja baya kuliko yote.

Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ianze kutumiwa. Pengine dozi imeshakwisha na paketi imetupwa. Watoto hupona zaidi kuliko watu wazima, lakini wapo wanaobaki na makovu machoni, hata upofu.

Kanda hii iliwahi kupata somo kama hilo. Mwaka 1991 watafiti walitoa taarifa kutoka Nairobi kwamba thiasetazoni, dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, ilikuwa ikibambua ngozi za wagonjwa wenye VVU, na baadhi yao walikufa. Baadaye Lusaka nako yakaonekana hayo kwa watoto. Shirika la Afya Duniani likaonya isitumiwe kwa wenye VVU.

Kotrimoksazoli haiwezi kuachwa kirahisi hivyo. Utafiti wa Lusaka uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa inapunguza vifo vya watoto wenye VVU kwa asilimia 43, na ndiyo maana watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi huanzishiwa wakiwa na wiki chache tu. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, pamoja na nevirapini, nazo zina hatari hii na bado zinahitajika.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuwahi. Vidonda vya mdomoni na madoa vikitokea mtoto akiwa kwenye dawa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na dawa zote alizotumia, hata za mitishamba. Dawa inayoshukiwa husimamishwa, naye huhudumiwa kama aliyeungua: maji, lishe, usafi wa vidonda na uangalizi wa macho. Kumpaka majani au dawa ya meno huleta maambukizi.

Machi 2012, jijini Arusha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mpango wa kuoanisha usajili wa dawa. Mamlaka za dawa za Tanzania, Kenya na Uganda hupokea taarifa za madhara na kuzipeleka kituo cha kimataifa kilichoko Uppsala, Sweden. Inashangaza kidogo: taarifa ya dawa inafika Sweden, ya mtoto mwenyewe haivuki Kobero.

Wakati viongozi wakilitafakari hilo, mzazi anaweza kumwomba muuguzi aandike kwenye kadi ya kliniki, kwa wino na herufi kubwa, jina la dawa lililochapishwa kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara. Boksi la Kigoma litasema co-trimoxazole, la Bujumbura cotrimoxazole. Tofauti ni kistari tu.