Waliozikwa Kisutu

Mtu wa bara akilisikia jina la Kisutu hukumbuka mahakama. Redio hutangaza kwamba fulani amefikishwa Kisutu, na fulani kesi yake imeahirishwa huko, hata baadhi ya watoto wetu huku Tunduma wadhani kwamba Kisutu ni jina la jela. Walakini wenyeji wa Dar es Salaam, khasa Waislamu wake wa zamani, wana Kisutu nyingine, nayo ni makaburi. Yamezungukwa na mji pande zote, magari yapiga honi na wachuuzi wanadi bidhaa zao, na humo ndani wamelala watu wa kila namna: wachukuzi na matajiri, wazee wa miaka mingi na watoto ambao hawakupata hata kupewa jina. Na miongoni mwao wamo watu ambao lau si jitihada zao, taarikh ya nchi hii ingeandikwa vingine.

Sababu iliyotupeleka huko ilianzia hapa hapa Tunduma, wala haitupendezi kuieleza, lakini bila ya kuieleza maneno yetu hayatakuwa na maana.

Mji wetu ni mlango wa Zambia. Malori husimama msururu siku baada ya siku yakingoja karatasi zake zipite mpakani, na madereva wake hutoka Dar es Salaam, Mombasa, Lubumbashi na kwingineko. Mauti nayo hayangoji karatasi. Akifa Mwislamu mgeni miongoni mwetu, na jamaa zake wako mbali, sisi ndio jamaa zake: humwosha, tukamkafini, tukamsalia na kumzika kabla jua halijachwa, kisha kila mtu hurejea kwenye shughuli zake. Tumefanya hivyo mara nyingi, na tulikuwa tukijiona tumetimiza wajibu wetu wote.

Siku moja akatujia kijana aliyesafiri siku mbili. Alisema kwamba mamake amemwambia babake alikuwa dereva, akafia Tunduma, na Waislamu wa huku wakamzika. Tulimkumbuka mara moja, kwani sisi wenyewe ndio tuliomsalia. Tukampeleka makaburini kwa furaha, kama mtu anayekwenda kurudisha amana. Tulipofika hatukujua kaburi ni lipi. Mvua za miaka kadhaa zilikuwa zimesawazisha udongo, majani yameota, na wengine wengi wamezikwa baada yake. Tulilojua ni kwamba alizikwa baina ya mwembe na njia, na hapo pana makaburi si chini ya ishirini. Kijana akatuuliza kwa adabu, "Maalim, ni hapa au pale?" Tukanyamaza. Akasimama akasoma Yasin akiyaelekea yote, akaitikia dua, akatushukuru, akaondoka. Shukrani zake zilikuwa nzito kwetu kuliko lawama.

Yalipita majuma machache tukapata haja ya kwenda Dar es Salaam. Safari ni ya zaidi ya kilomita 900 kwa basi, na mtu hupata nafasi ya kufikiri mengi njiani. Tuliazimia kwamba tukimaliza haja yetu tutakwenda Kisutu kuwazuru wazee waliopigania uhuru, tukatazame ikiwa wenzetu wa mji mkubwa wanajua kuhifadhi kuliko sisi.

Tulifika baada ya sala ya Alasiri. Nje tuliwauliza vijana watatu kama waweza kutuonyesha walipozikwa kina Sykes. Mmoja akauliza, "Hao ni wacheza mpira?" Hatukucheka, kwani tungewauliza vijana wa madrasa yetu tusingejibiwa vizuri zaidi. Ndani tulimkuta mzee mmoja mwenye kofia ya vito, naye hakuuliza swali lolote. Alikwenda mbele, sisi tukamfuata, akipinda huku na huku baina ya makaburi kwa uangalifu asikanyage, mpaka akasimama. "Hawa hapa," akasema. Tukatoa salamu, tukawaombea dua.

Ni nani hawa? Abdulwahid Sykes alizaliwa mwaka 1924, na babake alikuwa Kleist Sykes. Huyo Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, na babake alikuwa Mzulu aliyetoka Msumbiji pamoja na askari wa Kijerumani. Kleist alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akafanya kazi ya ukarani katika reli. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha African Association, akawa katibu wake. Mwaka 1933 akawa pia miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya, chama kilichojishughulisha na elimu ya watoto wa Kiislamu wakati ambapo milango ya shule ilikuwa michache kwao. Sisi tunaosomesha watoto twamtazama Kleist kwa jicho la pekee, kwani alifahamu mapema kwamba mkutano wa siasa bila ya darasa haukai. Alifariki dunia mwaka 1949.

Abdulwahid na nduguye Ally walichukuliwa jeshini katika Vita vya Pili, wakafika Burma. Waliporejea, hawakurejea kama walivyokwenda, na ndivyo ilivyokuwa kwa askari wengi wa Kiafrika: mtu aliyeshika bunduki kuitetea himaya ya mfalme wa mbali hawi mwepesi tena kuambiwa kwamba nchi yake mwenyewe si yake. Abdulwahid akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa bandarini mwaka 1948, kisha akawa miongoni mwa viongozi wa TAA, chama kilichotokana na ile African Association ya babake. Nyumba yake ilikuwa baraza ya wanasiasa. Ndipo alipokuja mwalimu kijana kutoka shule ya Pugu, Julius Nyerere, akakaribishwa na kujuliwa na wazee wa mji. Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, akichukua nafasi ambayo Abdulwahid alikuwa ameishika. Yuko mtu ambaye angeghadhibika akajitenga. Huyu hakujitenga, bali tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipozaliwa, yeye na Ally walikuwa miongoni mwa wale 17 walioiasisi. Kadi ya kwanza ilikuwa ya Nyerere, ya pili ya Ally Sykes, na ya tatu ya Abdulwahid.

Abdulwahid alifariki mwezi wa Oktoba 1968, akazikwa hapa Kisutu. Ally aliishi karibu miaka 45 baada ya nduguye. Alifariki mwezi wa Mei 2013, naye akaletwa hapa hapa. Wa tatu wao, Abbas, aliitumikia nchi kama balozi. Na hawakuwa wa mwisho katika watu mashuhuri kuletwa Kisutu: mwezi wa Desemba 2019 alizikwa humo Ali Mufuruki, mfanyabiashara aliyejulikana Afrika nzima.

Tukiwa tumesimama pale tulifikiri juu ya hizo kadi tatu. Mwenye kadi ya kwanza amezikwa Butiama tangu Oktoba 1999, ndani ya jengo, na wageni huenda kumzuru kwa mabasi. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Karume, aliyeuawa mwaka 1972, amezikwa Kisiwandui, na kila mwaka viongozi hukusanyika hapo kusoma dua. Wenye kadi ya pili na ya tatu wako baina ya majirani zao wa Gerezani na Kariakoo, na mtu asiyeongozwa hawaoni. Hatusemi haya kwa husuda. Hata Wachina waliofia katika ujenzi wa reli ya TAZARA, reli hii ipitayo hapa kwetu Tunduma na kukabidhiwa kwa serikali zetu mbili mwaka 1976, wana makaburi yao Gongo la Mboto, na viongozi wa nchi yao hupeleka mashada huko. Kila kaumu ina desturi yake ya kuwakumbuka wafu wake. Suala ni hili: desturi yetu sisi ni ipi?

Wako watakaojibu upesi kwamba Uislamu umekataza. Nasi twajua yaliyokatazwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa, na mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema linyanyuliwe kadiri ya shibri moja tu ili lijulikane lisikanyagwe. Zanzibar, Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856 akazikwa Unguja, jengo lililoanzwa juu ya kaburi lake lilikomea njiani, kwa kuwa wanavyuoni wa Kiibadhi hawakuridhia, na mpaka leo halikumalizwa. Ikiwa sultani mwenye pwani yote hii hakumaliziwa jengo, basi sisi hatuwaombei jengo kina Sykes, wala hatumwombei yeyote.

Lakini yule Mtume aliyekataza kujenga ndiye aliyefanya jambo jingine ambalo wengi wetu tumelisahau. Alipofariki Uthman bin Madh'un, ambaye alikuwa wa kwanza katika Muhajirina kuzikwa Baqii, Mtume alimwamuru mtu alete jiwe, naye asiweze kulibeba. Mtume mwenyewe akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba, akaliweka upande wa kichwa. Akaeleza na sababu: apate kulitambua kaburi la ndugu yake, na awazike karibu naye watakaokufa katika ahali zake. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Hilo jiwe si kuba wala si mapambo, ni alama tu. Na katika mafakihi wako waliosema kwamba hata jina, likiandikwa kadiri ya haja ya kumtambua maiti, si neno, ijapokuwa wengine wamelichukia.

Basi twajihukumu wenyewe kabla ya kuwahukumu wengine: sisi tulioacha makaburi ya wageni wetu bila ya jiwe hatukuwa tukifuata Sunna. Tulikuwa wavivu, kisha uvivu wetu tukauvika kanzu ya Sunna.

Na jiwe peke yake halitoshi, kwani miji yetu imejaa, na katika makaburi ya mijini mtu huzikwa mahali pa babu yake pindi mwili wa kwanza ukiisha kuwa udongo, na sharia imeruhusu hivyo. Jiwe huondoka. Baqii yenyewe ilikuwa na makuba mengi, nayo yakabomolewa mwaka 1926, lakini waliozikwa humo hawakupotea katika vitabu. Mwanachuoni As-Samhudi, aliyefariki Madina mwaka 1506, alikuwa ameandika zamani nani amezikwa upande gani na jirani yake ni nani.

Tulimwuliza mzee wa Kisutu amejuaje makaburi yale bila ya daftari. Akasema kwamba tangu utotoni alikuwa akifuatana na babake katika mazishi, na babake alikuwa akimwonyesha kwa kidole: huyu fulani, na yule fulani, alifanya hivi na hivi. Tukamwuliza, "Na wewe ukiondoka, tumwulize nani?" Akatabasamu. "Mwanangu," akasema, "akipenda kuja." Kisha akatwambia kwamba mwanawe ana duka, na siku za mazishi huleta mchango wa sanda, lakini makaburini hafiki kwa kuwa hana wakati. Hatukuona la kumjibu, kwani na sisi tuna watoto, na hatukumbuki ni lini tuliwachukua makaburini ila siku ya msiba.

Tuliporudi Tunduma tulinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, la aina wanayotumia wenye maduka kuandikia madeni. Tumelipiga mistari: jina, jina la baba, kwao, siku aliyozikwa, upande alipo, na aliye jirani yake. Kila Ijumaa baada ya sala twawaita wazee wawili watatu na wanafunzi wakubwa wa madrasa, twaenda nao makaburini, mzee huonyesha kwa kidole na mwanafunzi huandika. Mara nyingine wazee hubishana, mmoja akasema ni huyu na mwingine akasema ni yule, na kaburi hilo twaliandika kwa majina yote mawili. Kwenye yaliyo yakini twaweka jiwe. Mpaka sasa tumeandika 43.

Yule dereva tumemwandika katika ukurasa wa kwanza. Jina lake limo, na jina la babake, na mji wao, kwani kijana alituachia yote hayo. Katika mstari wa upande alipo tumeandika: baina ya mwembe na njia.